Mgongo Ulionyooka Hauna cha Kuinuliwa

Nchi yetu inaipenda lugha yake. Nchi nyingine zina dhahabu, nyingine zina mafuta. Sisi tuna kamusi, na viongozi wetu huisoma kwa makini, hasa mwezi wa bajeti.

Ninayoandika ni habari za mume wangu, Mwinjuma Pazi, aliyekuwa mpiga tarumbeta wa Bendi ya Taifa. Watu wameanza kuzisimulia kwa namna zao. Wapo wanaosema haki yake aliikataa kwa kiburi, na wapo wanaosema alipewa akaila. Mimi niliishi naye. Nitasema nilivyoona, bila kumlaumu mtu, maana kwetu kulaumu kuna utaratibu wake, na dirisha la malalamiko hufunguliwa Alhamisi isiyokuwa sikukuu.

Kwanza niseme habari ya akiba yetu.

Kila mwezi mshahara wa mume wangu ulikatwa, na kilichokatwa kikaenda kwenye Mfuko wa Taifa wa Utulivu wa Uzeeni. Juu ya hati ya mshahara palichapwa maneno AKIBA HAIOZI. Ni kweli. Sijapata kusikia kwamba kilichokatwa kilioza. Mfuko ulikuwa na wataalamu wa uwekezaji, nao walisema si busara fedha nyingi namna ile kukaa katika nyumba ndogo. Wakaichukua wakaijengea jengo la kuitunzia, refu kuliko yote nchini, likaitwa Mnara wa Akiba. Jengo lilipokamilika wakataka kuihamishia akiba ndani yake, wakakuta imekwishia kwenye jengo. Lakini lilikuwa jengo zuri. Siku ya kulifungua mume wangu alipiga tarumbeta, akarudi nyumbani akasema ukisimama chini huoni mwisho wake.

Nyumbani tulikuwa na akiba nyingine, kibubu, kile kisanduku cha mbao chenye tundu juu, kisichofunguliwa ila kwa kuvunjwa. Mimi ni fundi cherehani. Senti za kupunguza suruali za watu na kushona sare za shule nilizitumbukiza humo. Kibubu cha kwanza kilitununulia kiwanja kule Mivinjeni. Cha pili kilipandisha kuta za matofali ya udongo mpaka kwenye lenta, pale juu ya madirisha. Cha tatu kilikuwa cha mabati.

Kabla hakijajaa, Waziri wa Akiba, Mheshimiwa Dakta Mafungu, akasema redioni kwamba kibubu, kama jina lake linavyojieleza, hakisemi, na kitu kisichosema hakiwezi kutoa hesabu kwa wananchi. Mfuko wa Taifa una msemaji. Hivyo vibubu vyote vikabidhiwe Mfuko. Vijana waliokuja kukichukua cha kwetu walikuwa na adabu, walibisha hodi, wakakataa hata maji ya kunywa. Walituachia risiti yenye picha ya kibubu, imechorwa vizuri sana.

Baada ya hapo paa letu lilibaki kwenye kitu kimoja tu, kiinua mgongo, ile fedha anayopewa mtumishi kwa mkupuo siku anapostaafu. Kila mtu alijua kuta za udongo zisizo na paa haziishi. Masika ya kwanza hulamba, ya pili hula. Tulizifunika kwa nailoni, upepo ukaichana, tukazifunika tena. Mume wangu hakuwa na wasiwasi. Aliniambia, "Mama Siwema, zile kuta zimesimama, na mimi nimesimama. Zitaningoja."

Na kusimama ndiyo ilikuwa kazi yake. Katika Bendi ya Taifa, kila asubuhi mkuu wa bendi alipita nyuma ya wapigaji na rula ndefu ya ubao akiwapima migongo. Alikuwa akisema pumzi haipiti kwenye bomba lililopinda. Mume wangu aliingia pale kijana, na mwili ukajifunza. Alilala amenyooka. Alikula amenyooka, akiupandisha mkono wenye tonge mpaka mdomoni, wala mdomo haukushuka kuufuata mkono. Majirani wageni walidhani anaringa. Kila Mbebaji Mkuu aliposafiri, mume wangu alikuwa uwanja wa ndege, na kila aliporudi alikuwa hapo, jua likiwaka na mvua ikinyesha.

Mbebaji Mkuu ndiye kiongozi wetu. Anaitwa hivyo kwa kuwa anaubeba mzigo wa taifa. Sanamu yake iliyoko katikati ya mji inamwonyesha ameinama hadi magotini chini ya furushi kubwa, nayo inaliza. Yeye mwenyewe, ukimwona kwa karibu, huegemea nyuma kidogo kwa sababu ya tumbo. Hajastaafu wala hana mpango huo, lakini kwa uzito wa mzigo wake hupewa kiinua mgongo kila mwaka.

Mwaka ambao mume wangu alifikisha umri, Dakta Mafungu alisimama bungeni akiwa na kamusi mkononi. Tulimsikiliza sote redioni, mume wangu akiwa anang'arisha vifungo vya sare yake kwa mara ya mwisho.

"Waheshimiwa wabunge," alisema, "tumekuwa tukilitumia neno hili kama wageni katika nyumba ya mama yetu. Kiinua mgongo ni nini? Ni kitu kinachoinua mgongo. Sasa nauliza, na naomba anayejua anijibu: mgongo uliokwisha kusimama wima, tunauinua uende wapi?"

Hakuna aliyejua. Bunge zima lilipiga meza. Mtangazaji alituarifu kuwa mbunge mmoja mzee alilia kwa uchungu wa lugha. Sheria ikapita kabla ya chakula cha mchana: atakayelipwa kiinua mgongo ni yule tu ambaye mgongo wake umeinama, tena umeinama kwa kazi ya Serikali.

Mume wangu aliendelea kung'arisha vifungo. Baadaye akasema labda hawakukusudia wanabendi.

*

Kabla ya kupimwa, wastaafu wote walipelekwa Semina ya Uwekezaji wa Busara. Ada ya semina ingekatwa kwenye kiinua mgongo cha kila mmoja, ndiyo maana chakula kilikuwa kizuri. Mume wangu alikwenda pamoja na rafiki yake wa siku nyingi, Chambuso, mpiga ngoma kubwa wa bendi ileile. Hawa wawili walikuwa wakitaniana tangu ujana, na mimi Chambuso huniita shemeji ingawa hatuna udugu.

Mwalimu wa semina alikuwa kijana mtaalamu, viatu vyake vinang'aa. Nasema kwa haki kwamba alifundisha mambo ya maana. Alisema mstaafu asile mtaji. Alisema fedha igawanywe mafungu, la kula, la kupanda na la kuugulia. Asianzishe biashara asiyoijua eti kwa sababu jirani anaifanya. Asimkopeshe shemeji. Hapo, aliniambia mume wangu, Chambuso alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na ambaye bado hajapewa kitu, agawanye nini?"

Yule kijana alifikiri, akasema, "Mzee wangu, aanze kwa kugawanya matarajio."

Waliyagawanya. Mume wangu alirudi jioni akanieleza mafungu yetu. La kwanza mabati, la pili milango, la tatu cherehani yangu iende kwa fundi maana ilikuwa inaruka mshono, na lililobaki tulizike kwenye akiba ya muda mrefu. Aliyapanga mezani kwa vifuniko vya soda. Yalipendeza. Nilimwona mtu aliyefanya kazi yake yote na sasa anasubiri kuketi.

*

Idara ya Upimaji wa Migongo ipo ghorofa ya juu kabisa ya Mnara wa Akiba. Lifti ni ya wakubwa, wengine hupanda ngazi. Wazee wengi hufika juu wameinama vizuri, lakini Idara ililiona hilo mapema. Mwinamo wa ngazi si mwinamo wa kazi. Kwa hiyo nje ya ofisi liliwekwa benchi refu liitwalo Benchi la Kunyookea, ambapo kila mzee hukaa mpaka mgongo urudi katika hali yake halisi ndipo aitwe.

Chambuso aliitwa kwanza. Ngoma kubwa huvaliwa tumboni, na aliyeivaa miaka mingi hujivuta nyuma asianguke nayo. Mgongo wa Chambuso ulikuwa umepinda kweli, ila kwa upande wa nyuma. Wapimaji waliitana, wakafungua sheria, wakamweleza kwa upole kuwa mgongo ulioinama mbele hudai, na uliosimama haudai wala haudaiwi. Sasa huu wake umevuka. Huu unadaiwa. Tangu siku hiyo Chambuso huilipa Serikali kidogo kidogo kila mwezi kwa kuinama kinyume.

Mume wangu alipimwa na Bwana Lwambano, mtu mtaratibu, sauti yake kama ya mtu aliye hospitali. Hutumia timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma chini ambao waashi hupimia kuta. Aliushika kwenye kisogo cha mume wangu akauacha ushuke. Uzi uliteremka, ukagusa mgongo kila mahali, ukatulia. Bwana Lwambano alirudi nyuma hatua chache autazame.

"Mgongo mzuri," alisema. "Tangu niajiriwe sijaona mgongo kama huu. Pole sana, mzee wangu."

Mume wangu alimshukuru. Ilikuwa tabia yake kushukuru akisifiwa.

*

Nyumba ya bendi tuliirudisha, maana mstaafu hakai kwenye nyumba ya Serikali. Tukapanga chumba kimoja Mivinjeni, ng'ambo ya barabara, mkabala na kiwanja chetu. Nilichagua pale kwa sababu kodi ilikuwa nafuu. Sikufikiria kwamba dirisha lingekuwa linatazamana na zile kuta. Siwema, binti yetu, ameolewa mbali, akawa anatuma alichoweza, na mimi cherehani yangu nikaiweka dirishani nipate mwanga.

Wakati huo mji ulikuwa umejaa vyuo vya kuinama. Vijana wasio na kazi walifungua madarasa chini ya Mnara wenyewe, wakabandika vibao: INAMA KITAALAMU, LIPA UKIFAULU. Wazee waliokuwa mahakimu, wauguzi na walimu wakuu walijifunza kubeba mifuko ya mchanga na kutembea wakitafuta sindano ambayo haikudondoka. Wengi walifaulu. Dakta Mafungu akawasifu vijana kwa kujiajiri, na akaanza kuwatoza kodi.

Mwezi wa kwanza wa masika ukuta wa magharibi ulianguka. Haukuwa na kishindo. Nilikuwa nashona, nikainua macho, nikaona upande wa pili wa kiwanja, mahali ambapo hatukuwa tukipaona. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, naye ameona.

Nilimwambia, "Baba Siwema, inama. Siku moja tu. Nani atakuona?"

Akasema, "Mama Siwema, mimi sijui kuinama. Si kwamba nakataa. Huko chini mwili haujui pa kwenda."

"Nitakufundisha mimi."

Alinigeukia akanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama kwa namna ile, kuanzia kwenye shingo, mabega, mpaka kiunoni. Mtu anayeinamia cherehani tangu usichana huwa na umbo lake. Mimi ningefaulu mtihani ule bila semina, kama cherehani yangu ingekuwa ya Serikali. Akasema haya, nifundishe.

Nilimkalisha kwenye kigoda changu. Nikampa kitambaa cheusi na uzi mweusi, nikamwambia atafute mshono ulipokatika. Alijichoma vidole, tukacheka. Chambuso alipita akatukuta, akasema, "Mwinjuma, bendi imekushinda, sasa unataka kuniharibia shemeji ushonaji." Lakini siku zilivyokwenda kichwa kilishuka kidogo, mabega yakafuata. Alijifunza kuinama kama mtu anayejifunza lugha ya ugenini, neno baada ya neno, hana hakika. Na kila jioni, akishanyanyuka, alikwenda kwenye kiwanja akazishika kuta tatu zilizobaki kwa kiganja, moja moja.

*

Tulikwenda Mnarani pamoja, apimwe tena. Mvua ilikuwa imepumzika. Tulipanda ngazi, tukakaa kwenye Benchi la Kunyookea, na mume wangu alipoitwa aliingia ameinama, vizuri, bila kuzidisha. Mimi niliruhusiwa kukaa ndani kwa kuwa nilikuwa nimembebea koti.

Bwana Lwambano alifurahi kumwona hivyo. Nilimwona usoni kuwa amefurahi kweli. Alisema hali imebadilika sana, alhamdulillahi, akaufungua uzi wa timazi. Aliushika kwenye kisogo. Uzi ulining'inia mbali na mgongo, mtu angeweza kupitisha mkono katikati. Akachukua kalamu.

Siku hiyo ilikuwa inazinduliwa Wiki ya Uwekezaji, na Mbebaji Mkuu ndiye aliyekuja kuizindua hapo chini mlangoni. Hatukujua. Dirisha lilikuwa wazi. Bendi ikaanza Wimbo wa Taifa.

Bwana Lwambano alisimama wima, kalamu mkononi, kama sheria inavyotaka. Nami nilisimama kwa kadiri ninavyoweza. Mume wangu alibaki ameinama. Nilimwangalia, nikaona ametulia, nikasema moyoni kumbe ataweza. Ngoma ililia, filimbi zikapita. Kisha ukafika ule mstari ambao tarumbeta huingia peke yake. Anayeshikilia tarumbeta sasa ni mtu mgeni, akachelewa kuingia.

Mume wangu hakuchelewa. Kifua kilijaa, mabega yakarudi nyuma, mgongo ukapanda wote kwa mara moja, na vidole vyake vikawa vinabonya juu ya paja. Alisimama hivyo mpaka wimbo ukaisha. Sijapata kumwona mrefu vile.

Bwana Lwambano aliukunja uzi taratibu.

"Mzee wangu," alisema, "ungevumilia mstari mmoja tu."

Halafu, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza kwamba kama mume wangu angebaki ameinama mpaka mwisho, yeye angelazimika kuita polisi, kwani kutosimama wima wakati wa Wimbo wa Taifa ni kosa. Kwa hiyo kwa vyovyote asingeweza kumsaidia. Tulimwelewa. Mume wangu aliomba radhi kwa usumbufu, akavaa koti lake.

Kwenye ngazi alisimama mahali, akasema, "Yule kijana ameingia amechelewa."

Nikamwambia nimesikia.

"Mtu akichelewa pale," akasema, "wenzake wote wanabaki uchi."

*

Mvua zilirudi, nazo hazikuwa na sheria ya kusubiri. Ukuta wa mbele ulikwenda, ukafuata wa jikoni, na wa mwisho ukabaki peke yake, una tundu la dirisha, mtu akipita barabarani anaona mbingu kupitia humo. Asubuhi moja hata ule haukuwapo. Palikuwa na kilima chekundu chenye matope, na kuku wa jirani wamepanda juu yake.

Mume wangu alikitazama kile kilima, akaingia ndani, akakaa. Alipotaka kusimama, mgongo haukumfuata.

Ulianza shingoni, ukashuka. Baada ya muda si mrefu alikuwa anaona miguu yake na sakafu tu, na mimi nikisema naye nilikaa chini aweze kuniona. Kula sasa aliinamia sahani. Zahanati walisema ni uzee, wakatupa dawa ya maumivu. Chambuso alikuja kila siku. Alikuwa akijilaza chali karibu naye kwenye mkeka ili nyuso zao zionane, maana mmoja alipinda mbele na mwingine nyuma.

"Mwinjuma, ungeinama hivi mwaka jana, leo ungekuwa tajiri."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa.

Tulimpeleka Mnarani mara ya tatu, Chambuso akimshika huku na mimi kule. Benchi la Kunyookea halikumnyoosha. Bwana Lwambano hakuhitaji timazi. Alifungua kitabu cha sheria. Kisha akatusomea kifungu kinachosema mgongo uwe umeinama kwa kazi ya Serikali. Huu, kwa kumbukumbu za ofisi yake mwenyewe, ulikuwa umenyooka kabisa siku ya kustaafu, na ukanyooka tena mbele ya macho yake miezi michache iliyopita. Kwa hiyo umeinamia nyumbani. Mwinamo wa nyumbani hudaiwa nyumbani, yaani kwangu mimi.

Lakini akasema tunaweza kukata rufaa, na rufaa ikikubaliwa kusikilizwa, mkaguzi atakuja mpaka nyumbani. Alituandikia rufaa yeye mwenyewe, kwa mwandiko mzuri. Mume wangu aliitia sahihi akiwa ameinama, na ilikuwa rahisi kwake kuliko zamani.

Alikufa siku ya Jumanne kabla ya adhuhuri, nikiwa namshikia kikombe. Siku zile za mwisho hakuzungumza habari za nyumba. Aliuliza mara moja kama cherehani bado inaruka mshono. Nikamwambia siku hizi hairuki tena, imezeeka, imetulia. Akasema vizuri.

*

Wanaume walimwosha, wakamzika alasiri ileile. Mimi nilibaki ndani na Siwema, aliyekuwa amekuja tangu baba yake azidiwe, na wanawake wenzangu. Chambuso aliporudi kutoka makaburini, nguo zake zina udongo mpaka magotini, alisimama mlangoni akanieleza bila kuulizwa, kwa kuwa alijua nitataka kujua. Alisema wakati wa kumwosha mwili ulilegea ukanyooka wenyewe, hawakulazimisha. Alisema yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Walimlaza kwa ubavu wa kulia, uso ukaelekea kibla, kama desturi yetu, na nyuma yake wakaweka madongo ili asirudi chali.

"Nimeyapanga mwenyewe, shemeji," alisema. "Moja shingoni, mengine mgongoni. Amekaa vizuri. Hawezi kuanguka."

Nikamwambia ahsante.

Siku ya pili ya matanga alikuja mkaguzi wa rufaa. Alikuwa Bwana Lwambano mwenyewe. Alivua viatu nje, akatoa rambirambi, akaomba msamaha kwamba gari la ofisi lilikosa mafuta ndiyo sababu ya kuchelewa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia eda, kwa hiyo alisema nami akiwa upande wa pili wa pazia, Chambuso akiwa amekaa naye. Siwema alimpelekea chai.

Alisema rufaa imekubaliwa kusikilizwa. Tatizo ni kwamba faili haliwezi kufungwa bila kueleza hali ya mgongo kwa sasa. Aliuliza, kwa adabu sana, marehemu amelala namna gani.

Chambuso akamweleza kama alivyonieleza mimi, ubavu, kibla, madongo. Nilisikia kikombe kikirudi kwenye kisahani.

"Madongo hayo," aliuliza, "yapo mgongoni?"

"Mgongoni."

"Na yanamshikilia?"

"Ndiyo. Yasingekuwapo angeanguka."

Kalamu ikaanza kukwaruza karatasi. Aliandika muda mrefu, na alipomaliza alitusomea. Ilikuwa sentensi moja tu. Ilisema Mwinjuma Pazi, mpiga tarumbeta wa Bendi ya Taifa, amekwisha kuwekewa mgongoni kitu cha kumwinua, na familia haina dai. Akasema hii ndiyo njia pekee ya kulimaliza jambo hili kwa heshima, na kwamba kama faili lingebaki wazi mimi ningeanza kudaiwa ule mwinamo wa nyumbani. Naamini alikuwa ananitakia mema.

Karatasi ilipitishwa chini ya pazia, na kalamu juu yake.

Niliisoma polepole. Nilisoma Kiswahili shule, na nilifundishwa nisitie sahihi uongo. Niliyachambua maneno moja moja nipate lililo la uongo, nikatae. Sikulipata. Nikatia sahihi, nikairudisha chini ya pazia, nikamwambia Siwema amwongeze mgeni chai.